Mito ya Ugogo na wageni waliokuja kuitafuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha historia hapa Dodoma, katika Ugogo, yaani nchi ya Wagogo. Kila mwaka nikiwapeleka wanafunzi Mpwapwa, maswali huwa yale yale, na siku hizi hata wazazi na madereva wa basi wananiuliza. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayotoa. Nilipo na mengi ya kusema nimesema mengi, nilipo na machache nimepita.

Dodoma kuna mito kweli? Mimi naona makorongo ya mchanga tu.

Ipo, na huo mchanga ndio mto wenyewe. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 570. Zikinyesha huko juu, mto hushuka kwa kishindo, mwekundu, umebeba magogo na pengine mbuzi wa watu. Kesho yake yamebaki madimbwi, na baada ya wiki chache ni mchanga mweupe ambao watoto wanachezea mpira. Lakini chini ya mchanga ule maji bado yapo. Jua haliyafikii, na yanatembea polepole miezi mingi baada ya mvua kukoma.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiishi karibu na Kinyasungwe, upande wa Gulwe. Mara ya kwanza kunipeleka kuchota maji nilianza kuchimba katikati ya mto, akanizuia. "Siyo hapo, mjukuu wangu. Tazama mkuyu uko wapi." Tukasogea kwenye kona, chini ya ukingo ambao mto huugonga unapokata kona, mkuyu ukiwa juu yetu. Tulichimba kwa mikono na sahani ya bati. Mchanga wa juu ulikuwa unaunguza vidole. Tulipofika kina cha kiwiko ukawa mzito na wa baridi. Maji ya kwanza yalikuja kama chai ya maziwa, tukayamwaga. Ya pili tukayamwaga. Ya tatu yakaanza kutakata, naye akawa anateka kwa kata, kidogo kidogo, mkono mmoja ukizuia kingo zisiporomoke. Dumu moja lilichukua muda ambao ungeivisha maharage. Tulipomaliza akakizungushia kisima miiba ili ng'ombe wasikikanyage.

Nalianza na hili kwa makusudi. Wageni wa karne ya 19 walitoka nchi ambazo mto ni maji yanayoonekana, mwaka mzima, yenye kubeba boti. Walipofika Ugogo wakaandika kwamba nchi haina maji. Kumbe walikuwa wamesimama juu yake.

Maji ya Dodoma yanaishia wapi?

Swali zuri kuliko linavyoonekana, kwa sababu ndilo lililowasumbua wachora ramani wote.

Kinyasungwe Mdogo unaanzia karibu na Dodoma mjini, unapita Hombolo, ambako bwawa lilijengwa mwaka 1957, kisha unaungana na Kinyasungwe Mkubwa. Maji yanashuka mashariki hadi Ziwa Gombo, yanakata milima na kufika Kilosa kwa jina la Mkondoa, na mwisho yanakuwa Wami, unaoingia Bahari ya Hindi kati ya Saadani na Bagamoyo. Ni mto mmoja wenye majina matatu.

Kusini, Kizigo unamwaga kwenye Ruaha Mkuu, na Ruaha unaenda Rufiji. Bubu unashuka kutoka upande wa Kondoa na kuishia kwenye mbuga ya Bahi: hautoki tena, unakaushwa na jua palepale, ukiacha chumvi. Ukienda Singida, maji ya Wembere yanaingia Ziwa Kitangiri na mwisho Eyasi, nayo hayafiki bahari yoyote. Ukivuka zaidi kuelekea Tabora, maji yanafuata Malagarasi hadi Ziwa Tanganyika, na kutoka huko hadi mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo mvua moja ikipiga kuanzia Dodoma hadi Tabora inaweza kugawanywa pande zote hizo. Mimi kila nikiliwaza hili nastaajabu.

Wazungu wa kwanza kupita hapa walikuwa nani, na walikuwa wanatafuta nini?

Walikuwa Richard Burton na John Hanning Speke. Waliondoka pwani Juni 1857, wakavuka Ugogo miezi michache baadaye kiangazi kikiwa kikali, wakafika Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh, tarehe 7 Novemba. Ujiji waliiona Februari 1858. Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha London ndicho kilichowatuma, hasa kwa sababu ya ramani iliyochorwa miaka ya 1855 na 1856 na wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Ramani hiyo ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara, lenye umbo kama konokono asiye na nyumba. Wamisionari hao hawakuliona ziwa hilo. Waliwahoji wafanyabiashara wa misafara huko pwani, na maelezo ya maziwa matatu tofauti wakayaunganisha kuwa moja.

Wafanyabiashara hawakukosea. Kila mmoja alieleza ziwa alilolifikia.

Baada yao walipita Speke na James Grant mwishoni mwa 1860, Henry Morton Stanley mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, Verney Lovett Cameron mwaka 1873, na Stanley tena mwishoni mwa 1874. Wengi wao walikuwa na swali moja kichwani: mto Nile unaanzia wapi? Ugogo kwao ilikuwa nchi ya kuvuka tu, tena haraka. Ndiyo maana waliiandika vibaya.

Waliijuaje njia?

Hawakuijua. Waliongozwa. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa njia, akiwa na bendera, nyuma yake wapagazi, wengi wao Wanyamwezi ambao walikuwa wameivuka Ugogo mara nyingi tangu ujana wao. Kila mpagazi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na bado mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Hao ndio walijua kambi ipi ina kisima, na kisima kipi hukauka mwezi gani.

Mtu ninayewasisitizia wanafunzi ni Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akatekwa utotoni akauzwa utumwani, akapelekwa India, akarudi huru. Alisafiri na Burton na Speke mwaka 1857, na Speke na Grant mwaka 1860, na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron tangu 1873, ambaye alivuka naye bara kutoka bahari hadi bahari. Hakuna Mzungu yeyote wa wakati ule aliyeipita Ugogo mara nyingi kama yeye. Mwanafunzi anayeweza kumtaja Speke lakini hajawahi kumsikia Bombay, mimi namwona amefundishwa nusu.

Majina ya njia nayo yanasema. Toka Mpwapwa unafika Chunyo, kisha unaingia nyika ya kiu iliyoitwa Marenga Mkali, maana yake maji makali, maji ya chumvi. Ukishamaliza Ugogo upande wa magharibi unakutana na Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba kwa Kinyamwezi, ila lile lilikuwa pori la siku nyingi bila vijiji. Majina hayo walitoa wapagazi, kwa miguu yao na koo zao, na wageni waliyanakili tu kwenye madaftari.

Hongo ilikuwa rushwa?

Hapana, na naomba tuache kusema hivyo. Neno hili leo lina maana mbaya, lakini wakati ule hongo ilikuwa malipo ya wazi kwa mtemi wa nchi unayopita. Ililipwa kwa nguo, hasa merikani (pamba nyeupe) na kaniki (nguo nyeusi), kwa shanga na kwa waya wa shaba. Burton na Stanley walilalamika kurasa kwa kurasa kwamba Wagogo ni watoza ushuru wakali. Walikuwa wakali kweli. Msafara uliweza kukaa siku kadhaa ukibishana juu ya doti chache za nguo.

Fikiria lakini upande wa pili. Msafara wa watu mia kadhaa na punda unafika kijijini Septemba. Kisima cha mchangani nimekueleza kinavyojaa: taratibu. Usiku mmoja wa msafara unakunywa maji ambayo kijiji kingetumia siku nyingi, na ng'ombe wanabaki wanalia. Mtama ni huohuo uliovunwa Mei au Juni na lazima ufike mavuno mengine. Mtemi aliyewaruhusu wageni bila malipo angewajibu nini watu wake? Hongo ilikuwa bei ya maji kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na Wagogo walikuwa na haki ya kuipanga.

Ni kweli kulikuwa na mpango wa kuleta meli hadi karibu na Mpwapwa?

Ni kweli, na hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Stanley, baada ya safari ya 1871, alitangaza kwamba mto Wami ungeweza kupitika kwa meli ndogo za mvuke kutoka Winde, pale pwani, hadi Usagara ndani bara. Alikuwa ameukuta mto kwenye njia yake, akauona umejaa, kwa sababu alipita wakati wa masika! Hakuwahi kuteremka nao.

Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) ya Uingereza waliamini maneno hayo. Mwaka 1876 walikuja na kiboti cha mvuke kiitwacho Daisy, wakiwa na fundi mitambo Alexander Mackay, wakaingia Wami. Mto ukawapinda kushoto, ukawapinda kulia, wakakwama kwenye mafungu ya mchanga. Mwendo wa siku nzima haukuwasogeza mbali na bahari. Wakarudi, wakajaribu Kingani, ambao ndio Ruvu, nao ukawashinda vilevile. Mwaka uliofuata Mackay alishika shoka badala ya usukani, akasimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani kuelekea Mpwapwa.

Wenzao wa London Missionary Society walijaribu ng'ombe. Roger Price alifika Mpwapwa na maksai wachache mwaka 1876, ikaonekana njia imepatikana. Walipokuja na mikokoteni mwaka 1877, mbung'o waliwamaliza ng'ombe. Mizigo ikarudi vichwani kwa wapagazi.

Mgogo yeyote wa Gulwe angewaambia bure kwamba Kinyasungwe haubebi hata mtumbwi.

Boti ya Stanley ilipita Ugogo? Kwa nini mtu abebe boti nyikani?

Ilipita, lakini mabegani. Iliitwa Lady Alice, ya mbao, yenye urefu wa kama mita 12, na ilitengenezwa kwa vipande ili iweze kubebwa. Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 na akafika Mpwapwa tarehe 12 Desemba. Mvua ikamkuta Ugogo. Kilikuwa kipindi cha njaa pia, kwa sababu mtama mpya ulikuwa bado haujakomaa, na watu wake wakaanza kufa na kutoroka. Kijana mmoja Mwingereza, Edward Pocock, alifia upande wa Unyaturu, nchi ya Wanyaturu huko Singida, Januari 1875. Siku chache baadaye, huko Vinyata, msafara ulipigana na Wanyaturu, na pande zote mbili zilipoteza watu wengi.

Boti yenyewe ilifika Ziwa Victoria mwishoni mwa Februari, ikatumika kulizunguka ziwa zima, kisha Tanganyika, kisha mto Kongo, ambako iliachwa mwaka 1877. Wanafunzi huuliza majina ya waliobeba vile vipande kati ya Mpwapwa na ziwa. Natamani ningeweza kuwataja wote.

Kuna kosa moja la safari hiyo linalotuhusu sisi. Kwa Wanyaturu Stanley alikuta vijito vinavyoelekea kaskazini, akasadiki kwamba ndiyo mwanzo wa mto Simiyu unaoingia Ziwa Victoria, na kwa hiyo ndio chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Akavichora hivyo. Lakini maji ya upande ule hushuka mbuga ya Wembere, huingia Kitangiri, na hufia Eyasi. Hakuna tone lake linalofika Misri.

Wengi walikufa kwa kiu?

Homa, kuhara damu na njaa viliua zaidi ya kiu. Na maji mengi yalikuwa hatari sawa na ukosefu wake. Mwaka 1871 Stanley alikutana na masika kwenye bwawa la Makata, chini ya milima ya Usagara, msafara ukatembea ndani ya tope na maji hadi kiunoni, punda wakafa mmoja mmoja. Mwenzake William Farquhar aliachwa mgonjwa Mpwapwa na hakupona. Mwaka 1873 Robert Moffat, mpwa wa Livingstone, alikufa kwa homa akiwa njiani na msafara wa Cameron kabla hajaiona Ugogo.

Bonde hilohilo bado halijatulia. Mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalikata reli, treni zikasimama kwa miezi.

Walipimaje urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari, na mahali mto ulipo?

Kwa sufuria, kwa sehemu! Maji yanachemka kwa nyuzi 100 ukiwa usawa wa bahari, lakini kadiri unavyopanda yanachemka mapema. Dodoma ipo karibu mita 1,120 juu ya bahari, na hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Speke alichemsha maji kambini, akasoma kipimajoto, akakadiria urefu. Unaweza kulifanya darasani. Sisi tumelifanya, na watoto hawalisahau.

Latitudo walipata kwa kupima jua au nyota kwa sekstanti, kifaa cha kupimia pembe. Longitudo ilihitaji saa sahihi, na saa za Burton na Speke ziliharibika njiani, kwa hiyo walitegemea zaidi kupima mwezi na kuhesabu mwendo. Jina la mto lilipatikana kwa kuuliza. Ukimuuliza mtu "huu unaitwaje?" mashariki ya Ziwa Gombo atakujibu Mkondoa, magharibi yake atakujibu Kinyasungwe, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Na Ruaha Mkuu?

Huo ulikuja baadaye kidogo. Konsuli wa Uingereza Frederic Elton alitoka Ziwa Nyasa mwaka 1877, akapita Usangu, ambako Ruaha inaanza, akaelekea Ugogo. Alikufa Usekhe, Ugogo, tarehe 19 Desemba 1877, akiwa na miaka 37, akazikwa chini ya mbuyu mkubwa unaotazama uwanda.

Mwaka 1879 Keith Johnston, kiongozi wa msafara mwingine wa Waingereza, alifariki Behobeho, karibu na Rufiji, na msafara ukaachwa mikononi mwa Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Ulifanikiwa kwa sababu mkuu wa wapagazi alikuwa Chuma, yuleyule aliyeuleta mwili wa Livingstone pwani pamoja na Susi. Sultani Barghash wa Zanzibar naye hakukaa kutazama tu: mwaka 1880 alimtuma Mwingereza Beardall kuupima Rufiji kwa niaba yake. Wengi hawajui kwamba mtawala wa Zanzibar alidhamini uchunguzi wa mito.

Basi tuseme "walivumbua" mito hii?

Mimi husema walipita, walipima, waliandika. Neno kuvumbua nalihifadhi kwa yule wa kwanza aliyegundua kwamba chini ya mchanga wa Kinyasungwe kuna maji.

Wajerumani walibadilisha nini?

Waliingia kwa njia ileile ya misafara. Kampuni yao iliweka kituo Mpwapwa mwaka 1887, kikashambuliwa mwaka 1889 katika vita vya Bushiri, aliyeongoza watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, na mwishoni mwa mwaka huo Hermann von Wissmann akajenga ngome pale. Mahali palichaguliwa kwa sababu ya vijito vinavyoshuka milimani: aliyeshika Mpwapwa alishika maji ya mwisho mazuri kabla ya Marenga Mkali. Mwaka 1890 Carl Peters, akirudi kutoka Buganda, alipigana na Wagogo kwa sababu ya hongo, akachoma vijiji na kuteka ng'ombe. Baadaye ikajengwa boma Kilimatinde, na hongo ikafa, ikaja kodi, ambayo ilikwenda upande wa pili: sasa mwenyeji ndiye aliyemlipa mgeni.

Halafu reli. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kutoka Kilosa inafuata bonde la Mkondoa, inapita Kidete, Godegode na Gulwe. Wahandisi hawakupata njia nyingine nzuri ya kupandia. Mto ulioshindwa kubeba Daisy ndio ulioikata milima ili treni ipite.

Jina Dodoma linahusiana na mto?

Wazee wanasimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akadidimia kwenye tope asitoke. Wagogo wakasema "idodomya", amezama. Kijito hicho kipo, na jina lake linatokana na mikuyu. Msomaji aliyeanza juu anakumbuka bibi alinionyesha mti gani.

Nikitaka kuiona njia hiyo leo, nianzie wapi?

Panda treni ya Dar es Salaam kuja Dodoma mchana na ukae dirishani baada ya Kilosa. Ukiwa na siku ya ziada, nenda Mpwapwa kwa gari, kisha Chunyo, utazame magharibi: uwanda unaouona ndio Marenga Mkali. Ukirudi, simama darajani Gulwe. Nenda Septemba au Oktoba. Ukiwakuta akina mama mtoni, wasalimie "mbukwenyi" kwanza, usipige picha kabla ya kuomba, na usikanyage penye miiba.